China na mashirika ya kimataifa: kuna mpangilio au ni unafiki tu wa wakubwa?

mtafuta_hoja

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mnieleweshe kitu kimoja maana nimekizungusha kichwani siku kadhaa jibu silioni.

Kila kiongozi wa China akisimama kuhutubia, iwe Umoja wa Mataifa, iwe BRICS, wimbo ni uleule, kwamba dunia iendeshwe kwa mataifa yote kukaa pamoja, Mkataba wa UN uheshimiwe, wakubwa wasiwaonee wadogo. Poa, nani atakataa. Sasa Julai 2016 jopo la usuluhishi kule The Hague likatoa uamuzi kwenye kesi ya Ufilipino kuhusu Bahari ya China Kusini, chini ya mkataba wa sheria ya bahari ambao Mchina mwenyewe aliuridhia tangu 1996, uamuzi ukamwangukia vibaya, akasema ni batili hautambui, na mpaka leo hautambui. Mwaka huohuo mwanzoni ndo kafungua benki yake ya kimataifa Beijing na kukaribisha dunia nzima. Yaani mkono mmoja anatupa uamuzi wa kimataifa, mkono wa pili anajenga shirika la kimataifa.

Swali langu ni hilo, huu ni unafiki wa kawaida au kuna mpangilio ndani yake? Na kama IMF yumo, Benki ya Dunia yumo, WTO ile ya biashara duniani yumo, haya mengine ya kwake anayaunda ya nini? Wale wa "mabeberu" na wale wa "Wachina wanatumeza" naomba mkae pembeni kidogo, nataka hoja.

Kinywa Kipana

Mkubwa ni mkubwa mkuu. Swali linalofuata.

Msaka Nyaraka

Mpangilio upo, tena ukishauona unachoka kushangaa. Tatizo watu wanauliza kama China "anaamini" mashirika ya kimataifa au haamini, hiyo haikupeleki popote. Uliza hivi, kwenye meza hii maamuzi yanapitaje? Kila nchi kura moja? Kura kulingana na hela uliyoweka? Mpaka wote wakubaliane? Au kuna majaji wanaamua halafu nyote mnafuata? Ukishajibu hapo unajua Mchina atakaa vipi hata kabla hajafungua mdomo.

Chukua Baraza la Usalama. Pale ana veto, na kwa miaka mingi aliitumia kwa ubahili sana, mara nyingi alikuwa anajizuia kupiga kura anaacha mambo yapite. Lakini angalia zile chache alizopiga peke yake. Guatemala walitoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka 36, watu zaidi ya laki mbili walikufa, Desemba 1996 wakasaini amani, UN ikataka kupeleka waangalizi wa kijeshi 155 kusimamia wapiganaji kuweka silaha chini. Waangalizi 155 tu, hakuna mtu duniani alikuwa na shida na hilo. Tarehe 10 Januari 1997 China akapiga veto. Kisa? Guatemala ilikuwa inaitambua Taiwan, kile kisiwa kinachojitawala ambacho Beijing inasema ni chake, ikawaalika hadi kwenye sherehe ya kusaini amani, na kila mwaka ilikuwa inaunga mkono Taiwan irudishwe UN. Ndani ya siku kumi wakazungumza pembeni, Guatemala ikalegeza kamba, tarehe 20 azimio likapita vizuri tu. Mwaka 1999 ikawa zamu ya Macedonia, walinda amani walikuwepo pale tayari, nchi ikaitambua Taiwan, mwezi uliofuata muda wa kikosi ulipotakiwa kuongezwa Mchina akapiga veto, kikosi kikafunga virago. Hapo hata hakuna kujificha. Shirika la dunia nzima linatumika kufikisha ujumbe kwa nchi moja ndogo, na zile nyingine ndogo zote zinasoma.

Sasa hamia kwenye meza za hela. IMF kura zinaenda kwa mchango, Marekani ana kama asilimia 16.5 na maamuzi makubwa yanataka asilimia 85, piga hesabu mwenyewe, Marekani akikataa hakiendi kitu. Mwaka 2010 wakakubaliana China na wengine wanaokua waongezewe uzito, Bunge la Marekani likaikalia ile karatasi mpaka Desemba 2015. Miaka mitano! Na hata baada ya hapo uchumi wa pili duniani ana kura kama asilimia 6. Wewe ungefanyaje? Mchina akaanzisha AIIB, benki ya miundombinu ya Asia, mtaji dola bilioni 100, ikafungua kazi Januari 2016. Marekani ikawashauri rafiki zake wasiingie, Uingereza akaingia kabla ya wenzake wote wa G7, Machi 2015, halafu Ujerumani, Ufaransa na Italia wakafuata. Na ukiangalia kanuni za hiyo benki utacheka, maamuzi makubwa yanataka asilimia 75 ya kura, China ana kama 26. Kanakili mchezo wa Washington neno kwa neno kabadilisha anwani tu.

Meza ya majaji ndo hiyo uliyoitaja, hataki. Kwenye mambo ya ardhi, bahari na haki za binadamu haendi mbele ya jaji wa kimataifa hata umfanyeje. Ila usikimbilie kusema anakataa majaji wote, WTO alikubali. Aliingia Desemba 2001, kashitakiwa mara kibao na kashindwa kesi kadhaa, mfano ile ya madini adimu, alikuwa anaweka ukomo wa kuuza nje, Marekani, Ulaya na Japani wakamshitaki, akapoteza rufaa 2014 na mwanzoni mwa 2015 akaondoa ule ukomo. Alitii kwa sababu biashara ya kuuza nje ndo imemjenga, mfumo ule ukivunjika anaumia kuliko wengi. Na kichekesho ni kwamba aliyekuja kuiua ile mahakama ya rufaa ya WTO ni Marekani, alizuia uteuzi wa majaji wapya mpaka Desemba 2019 wakabaki wasiotosha hata kusikiliza kesi moja.

mtafuta_hoja

Msaka heshima yako mkuu. Hii ya Guatemala sikuwahi kuisikia kabisa.

Mzee wa Kumbukumbu

Vijana mnaongea kama vile China alizaliwa na hizo mbinu. Alijifunza kwa kufanyiwa yeye.

Kiti cha China UN tangu 1945 kilikaliwa na serikali ya Chiang Kai-shek, na aliposhindwa vita 1949 akakimbilia Taiwan akabaki na kiti, veto na kila kitu, wakati Beijing inatawala watu mamia ya milioni wako nje ya mlango. Marekani ndiye alikuwa mlinzi wa mlango. Miaka ya mwanzo walikuwa wanaahirisha tu mjadala kila mwaka, halafu nchi mpya za Afrika na Asia zikaanza kumiminika UN hesabu zikawa hazilipi tena, basi 1961 wakabuni njia nyingine, suala la kiti cha China litangazwe kuwa "swali muhimu", maana yake lipite kwa theluthi mbili badala ya nusu. Mtego wa kiutaratibu tu, hauna neno hata moja la siasa ndani yake. Na ulifanya kazi vizuri sana, mwaka 1970 azimio la kuiingiza Beijing lilipata kura 51 dhidi ya 49, yaani lilishinda, lakini likahesabika limeshindwa kwa sababu theluthi mbili hazikufika.

Mwaka uliofuata ndo ngoma ikapinduka. Tarehe 25 Oktoba 1971 usiku walianza kupigia kura ule mtego wenyewe kwanza, 55 wakautaka, 59 wakaukataa. Pale pale mchezo ukawa umekwisha, ujumbe wa Taipei ukaona maji yamezidi unga, ukatangaza unaondoka na kutoka ukumbini kabla hata kura kubwa haijapigwa. Kura yenyewe ikaja 76 kwa 35, na 17 hawakuegemea upande. Katika hizo 76, Waafrika walikuwa 26. Ndo azimio namba 2758.

Balozi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa mle ndani na alikuwa kati ya walioipigania sana ile kura, alikuwa bado kijana hata miaka 30 hajafika. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe, Wamarekani waliokaa pale wakimtazama anasherehekea hawakusahau. Miaka kumi baadaye, 1981, Salim akagombea Ukatibu Mkuu wa UN, Marekani akamzuia kwa veto raundi baada ya raundi. Na China upande wake akawa anamzuia Kurt Waldheim aliyekuwa anataka muhula wa tatu, inasemekana mara 16! Yaani wakubwa wawili wamekaza kila mmoja na wake, mpaka Desemba wagombea wote wawili wakakaa pembeni na kazi akapewa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Kwa hiyo mnapomuona Mchina leo anahangaika na utaratibu, nani anaandika ajenda, theluthi mbili au nusu, nani kakaa sekretarieti, mjue alikaa nje ya mlango miaka 22 akizuiwa kwa utaratibu huohuo.

dada_sera

Mzee shikamoo, nimefurahi sana kusoma hiyo.

Ila naomba tusimfanye Mchina kama ndo kagundua unafiki. Mtoa mada umeuliza kuhusu uamuzi wa 2016, sawa, Marekani mwaka 1986 alishindwa kesi na Nicaragua pale Mahakama ya Kimataifa ya Haki, akakataa kutekeleza, suala likaenda Baraza la Usalama akapiga veto. Mkataba wa sheria ya bahari anaoutumia kumkemea China, yeye mwenyewe hajauridhia mpaka leo. UNESCO alitoka 1984, akarudi 2003, akatoka tena 2018, akarudi 2023, halafu Julai 2025 akatangaza anatoka tena. Mlango wenyewe umeshachoka.

Tofauti ninayoiona mimi ni tabia tu. Marekani akikasirika anaondoka au anagoma kulipa, China akikasirika anabaki halafu anaongeza watu kwenye kamati. Angalia bajeti ya kawaida ya UN, mwanzoni mwa miaka ya 2000 China alikuwa analipa kama asilimia moja hivi, sasa kwa kipindi cha 2025 mpaka 2027 ni asilimia 20, Marekani 22. Hiyo hachagui mwenyewe, ni fomula inafuata ukubwa wa uchumi, lakini mwenye asilimia 20 akisema jambo kwenye kamati ya bajeti watu wanaandika. Na hapo ndo anapopenda kubana, nafasi za maafisa wa haki za binadamu kwenye vikosi vya kulinda amani zimekuwa zikipigwa panga kwenye mazungumzo ya bajeti na China pamoja na Urusi ndo wanaoshika panga. Hakuna hotuba wala kamera, mstari wa bajeti unafutwa tu, unasikia kikosi kipo na jina zuri ila wa kuandika ripoti za ukatili hayupo.

Na WHO ndo mfano mzuri kabisa. Januari 2025 Marekani anatangaza anajitoa, Mei mwaka huohuo kwenye mkutano mkuu China anaahidi dola milioni 500 kwa miaka mitano. Hela si nyingi ukilinganisha na pengo, lakini nani alikumbukwa siku ile? Na usisahau WHO hiyohiyo Taiwan alikuwa anaalikwa kama mtazamaji kwa jina la Chinese Taipei kuanzia 2009 hadi 2016, Beijing ikiwa inaelewana na serikali ya Taipei. Taiwan wakamchagua Tsai Ing-wen ambaye Beijing haimtaki, kuanzia 2017 mwaliko ukakatika. Mwaliko wa mkutano wa afya, jamani, unafungwa na kufunguliwa kulingana na nani kashinda uchaguzi.

Kinywa Kipana

Hapo kwenye mlango wa UNESCO nimecheka peke yangu kama chizi 😂

mtafuta_hoja

Nawashukuru sana. Sasa niwachokoze kidogo. Mzee kasema Waafrika 26 mwaka 1971. Mimi nasikia watu wanasema siku hizi kura zetu zimenunuliwa, mkopo huku kura kule. Kuna ukweli au ni maneno ya kijiweni?

Bweha Mstaarabu

ukweli upo tele we angalia fao, lile shirika la chakula la un, 2019. uchaguzi wa mkurugenzi mkuu, kameruni walikuwa na mgombea wao, januari mchina anakwenda yaounde anafuta sehemu ya deni, machi mgombea wa kameruni anajitoa, juni qu dongyu anashinda raundi ya kwanza tu kura 108 kati ya 191 ufaransa na georgia wakiwa kwenye hiyohiyo mbio. mnataka risiti tena?? alafu oktoba 2022 baraza la haki za binadamu geneva, hawajaomba hata vikwazo, wameomba MJADALA tu kuhusu ripoti ya un yenyewe juu ya wauighur, wale waislamu wa jimbo la xinjiang china, ikakataliwa 19 kwa 17, 11 wakajizuia. waafrika waliokuwemo mle karibu wote ama walikataa ama walijizuia, aliyesema ndiyo ni somalia peke yake. kura mbili tu zingehama mjadala ungefanyika. mkasema maneno ya kijiwe

Msaka Nyaraka

Bweha namba zako ziko sawa, ninachokataa ni haraka ya kufunga kesi. Cameroon, kufutiwa deni ni kweli, kujitoa ni kweli, kwamba la kwanza ndo lilisababisha la pili hilo watu wameliunganisha wenyewe, hakuna aliyeweka karatasi mezani. Na kura ya FAO ni ya siri. Kama hela ingetosha, Machi 2020 Mchina angeshinda na WIPO, lile shirika la hakimiliki. Alikuwa na mgombea mzoefu, Wang Binying, naibu mkurugenzi wa palepale ndani, Marekani wakazunguka dunia nzima kuwaambia watu huwezi kumkabidhi funguo za hakimiliki mtu unayemlalamikia kuiba hakimiliki, kura zikahesabiwa, Daren Tang wa Singapore 55, yeye 28. Kipindi kile China alikuwa anaongoza mashirika manne kati ya 15 maalumu ya UN, FAO, lile la mawasiliano ITU, la usafiri wa anga ICAO na la viwanda UNIDO. Leo amebaki na FAO tu. ITU kachukua Mmarekani 2022. Kwa hiyo wanaosema kajaza kila kiti wanasoma magazeti ya 2019.

Na hiyo kura ya Geneva, ndiyo, mikopo na barabara vinasaidia mtu kukumbuka marafiki zake. Lakini jiulize serikali nyingi zilizopiga hapana zilikuwa zinalinda nini. Leo mjadala wa Xinjiang ukipita, keshokutwa utapita mjadala wa kwako wewe, uchaguzi wako, wafungwa wako. Mchina anauza bidhaa moja ambayo wanunuzi wake wanaitaka kwa dhati, nayo ni kutoulizwa maswali. Zimbabwe 2008 unaikumbuka? Uchaguzi ulivurugika, Marekani na Uingereza wakataka vikwazo dhidi ya Mugabe na watu wake, Julai China na Urusi wakapiga veto, na Afrika Kusini nayo iliyokuwa mjumbe wakati ule ilipinga pia. Pale nani alimnunua nani? Hata Ukraine kwenye ile kura ya Xinjiang alijizuia, na yeye mwenyewe alikuwa ndo kavamiwa anazunguka dunia kuomba kura.

dada_sera

Kwenye hili la viti nakuongezea Msaka, maana watu wanaangalia vile vikubwa vya mbele tu. Kuna idara pale New York ya masuala ya uchumi na jamii, ndiyo inayoshughulika na malengo ya maendeleo endelevu na ndiyo ofisi inayosimamia vikao vingi ambavyo asasi zinahudhuria. Tangu 2007 mkuu wake ni Mchina, akitoka mmoja anaingia mwingine, wamefika wanne. Mmoja wao, Wu Hongbo, alikwenda televisheni ya China Desemba 2018 akasimulia mwenyewe kwa fahari jinsi alivyoamuru walinzi wamtoe Dolkun Isa, mwanaharakati wa Uighur, kwenye kikao cha watu wa asili mwaka 2017. Mtu alikuwa ana kibali cha kuingia! Mtumishi wa UN anatakiwa kikanuni asipokee maagizo ya serikali yoyote, yeye anasema akiwa Mchina hawezi kucheza na maslahi ya taifa lake.

Na aliyempokea kiti unajua ni nani? Liu Zhenmin. Huyu ndiye Julai 2016 alikuwa naibu waziri wa mambo ya nje, akakaa mbele ya waandishi wa habari akauita ule uamuzi wa The Hague karatasi la kutupa tu. Mwaka uliofuata kawa msaidizi wa Katibu Mkuu wa UN. Sasa mtoa mada, ile mikono miwili uliyoisema kule juu, hapa una mtu mmoja kaibeba yote.

Kinywa Kipana

Na wa Interpol je? Yule Rais wa shirika la polisi wote duniani, Mchina, Meng Hongwei, 2018 katoka Ufaransa kwenda kwao akapotea, mkewe ndo akaenda kuripoti polisi kwamba rais wa polisi haonekani. Baadaye kumbe kakamatwa kwao kwa rushwa, akala miaka 13 na nusu. Mimi hapo sielewi mkakati uko wapi 😂

Mzee wa Kumbukumbu

Marhaba dada. Mkakati hapo ni kwamba chama ni kikubwa kuliko kiti, hata kiti cha dunia. Walitumia miaka kutafuta nafasi ile, wakaichoma kwa siku moja bila kupepesa macho, na barua ya kujiuzulu kwa jina lake ikafika Lyon, makao makuu ya Interpol.

Niongeze moja kuhusu azimio 2758 maana linarudi kila mwaka sasa. Likisomeka lilivyo ni fupi sana, linasema wawakilishi wa Jamhuri ya Watu wa China ndio halali na wa Chiang Kai-shek waondolewe. Taiwan kama eneo halikutajwa kabisa. Beijing siku hizi inalisoma kama limefunga mjadala wote kwamba Taiwan ni yake, na imekuwa inatafuta usomaji huo uingie kwenye mikataba na matamko ya pamoja na nchi moja moja, ili baadaye iseme dunia ilishakubali. Marekani na baadhi ya washirika wake wanasema hapana, azimio lilihusu kiti tu. Ukiwa afisa mdogo kwenye wizara yoyote na ukaletewa rasimu ya tamko la pamoja, soma hiyo aya mara mbili, maana inapita kwenye kurasa zinazoonekana kama ni za salamu na shukrani tu.

Msaka Nyaraka

Mzee umegusa penyewe. Machi 2017, azimio 2344 la Baraza la Usalama, la kawaida kabisa la kuongeza muda wa ujumbe wa UN Afghanistan, ndani yake kukawa na mstari wa Xi Jinping kuhusu jumuiya yenye mustakabali mmoja wa binadamu, pamoja na ule mradi wake wa Ukanda na Njia. Wote wakapiga ndiyo, nani atazuia ujumbe wa Afghanistan kwa ajili ya sentensi mbili. Vyombo vya habari vya Beijing vikatangaza dunia imelipokea wazo la Xi. Marekani wakashtuka wamechelewa, 2019 muda ulipotakiwa kuongezwa tena wakakomaa yale maneno yatoke, China akakomaa yabaki, ikabidi mvutano mkubwa kwa kitu ambacho hakina uhusiano wowote na Afghanistan, mwisho yakatolewa. Kazi kubwa ya hawa watu iko huko kwenye rasimu kuliko kwenye hotuba.

mtafuta_hoja

Nimeelewa kuliko nilivyotegemea. La mwisho halafu niwaache mlale. Mei 2025 Hong Kong kulisainiwa mkataba wa shirika jipya la upatanishi wa migogoro ya kimataifa, China ndo mwenyeji, nchi 33 zikasaini siku hiyohiyo. Hili nalo si meza ya majaji? Si alikuwa hataki?

Msaka Nyaraka

Soma vizuri, upatanishi, hukumu haimo. Mpatanishi anakaa katikati anashauri, mkikubaliana mnasaini, msipokubaliana kila mtu anachukua koti lake. Na mgogoro hauingii mezani mpaka pande zote ziridhie. Kinyume kabisa na The Hague ambako Ufilipino alifungua kesi, China akagoma kuhudhuria, kesi ikaendelea bila yeye.

mtafuta_hoja

Kwa hiyo Ufilipino hawezi kumpeleka China Hong Kong.

Msaka Nyaraka

Hapelekwi mtu pale. Anaalikwa, akitaka anakuja.